Anayestahili na Anayepokea: Mikopo ya Wanafunzi Nchini Rwanda

Faranga 40,000 kwa mwezi ukizigawa kwa siku 30 unapata 1,333 kwa siku. Hicho ndicho kiwango cha kujikimu ambacho serikali ya Rwanda imekuwa ikiwapa wanafunzi wa vyuo vikuu vya umma wanaosoma kwa mkopo katika miaka ya karibuni. Kabla yake kilikuwa 35,000, na kabla ya hapo kilikaa miaka mingi kwenye 25,000. Mwanafunzi anayesoma Nyarugenge au Gikondo, ndani ya Kigali, humo ndimo anamotoa chakula, kodi ya chumba, nauli, sabuni, fotokopi na bando la intaneti. Mwenzake wa Busogo, huko Musanze, au wa Rukara, huko Kayonza, hupokea kiasi hichohicho.

Pamoja na hayo, ukisikiliza mazungumzo ya mikopo ya elimu ya juu, yawe ya bungeni, ya magazetini au ya vibanda vya chai Nyamirambo, swali linalotawala ni moja: nani anastahili? Amefaulu kiasi gani, kwao wana nini, amechagua fani gani? Ni swali la haki na lina uzito wake. Ila limefunika swali la pili, nalo ni hili: aliyekwisha kustahili anapokea nini, lini, na kwa mkono wa nani? Rwanda imebadili majibu ya swali la kwanza mara kadhaa, na kila badiliko limewahamishia wengine mzigo. La pili halijapewa nafasi inayolistahili, ingawa ndilo linaloamua kama mtoto wa maskini aliyeingia chuo atabaki chuoni.

Kutoka ruzuku hadi deni

Chuo Kikuu cha Taifa kilipofunguliwa Butare mwaka 1963, wanafunzi walikuwa wachache na serikali iliwabeba wote. Aliyeingia alikuwa mtumishi wa umma mtarajiwa, na gharama yake ilihesabiwa kama gharama ya kumwandaa mfanyakazi. Utaratibu huo usingeweza kuendelea baada ya 1994. Nchi iliyopoteza walimu, madaktari na wahandisi wake katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ilihitaji wasomi wengi kwa haraka, huku hazina ikiwa tupu. Mwaka 1998 uliundwa mfuko wa kuwasaidia manusura, FARG, uliowalipia ada maelfu ya vijana ambao hawakuwa na mzazi wa kuwalipia. Majukumu yake yalihamia Wizara ya Umoja wa Kitaifa mwaka 2021.

Kwa wanafunzi wengine, ruzuku iligeuka mkopo hatua kwa hatua. Wakala wa SFAR ndio ulioanza kusimamia fedha hizo, kisha mwaka 2011 kazi ikaingia chini ya Bodi ya Elimu, REB. Sheria ya mwaka 2015 ikaleta mgawanyo uliopo leo: Baraza la Elimu ya Juu, HEC, huchagua nani apewe, na Benki ya Maendeleo, BRD, hulipa na kudai. Vyuo vya umma navyo vilikuwa vimeunganishwa mwaka 2013 kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Iliyokuwa KIST, pale Nyarugenge, ikawa kampasi ya Sayansi na Teknolojia, na SFB ya Gikondo ikawa kampasi ya Biashara na Uchumi. Wanafunzi wanaendelea kuziita fedha hizo buruse, japo wanajua fika kwamba siku moja zitadaiwa.

Vigezo vitatu, na anayeachwa na kila kimoja

Kuna njia tatu za kumchagua wa kusaidiwa, na Rwanda imezitumia zote kwa nyakati na vipimo tofauti.

Ya kwanza ni alama. Mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari hupanga watahiniwa kwa mstari, na wanaotangulia ndio wanaopata nafasi na mkopo. Uzuri wake ni kwamba hauhitaji afisa wa kukisia utajiri wa mtu, na ni vigumu kuuchezea. Lakini alama hazizaliwi siku ya mtihani. Tangu 2009, ulipoanza mpango wa elimu ya msingi ya miaka tisa, na 2012, ulipofikishwa miaka kumi na miwili, watoto wengi wa wakulima wamesoma shule za kutwa zilizo karibu na kwao. Hutembea asubuhi, hurudi jioni, hukuta kazi za nyumbani zikiwasubiri. Wengine wamesoma shule za bweni zenye maabara, maktaba na muda wa kujisomea usiku. Mtihani huwapima wote kwa kipimo kimoja, na sehemu ya kinachopimwa ni shule, wala si akili peke yake. Kwa hiyo kabla swali la umaskini halijaulizwa rasmi, mtihani umekwisha kulijibu kimyakimya.

Njia ya pili ni fani. Serikali inayotaka wahandisi, wauguzi na walimu wa hisabati huelekeza mikopo kwenye sayansi na teknolojia. Hilo lina mantiki ya mipango ya nchi, nalo lina gharama yake pia. Kijana ambaye shule yake haikuwa na mwalimu wa fizikia, akasoma lugha na historia kwa sababu ndivyo vilivyokuwepo, hujikuta nyuma kwa uchaguzi ambao hakuufanya yeye.

Njia ya tatu ni umaskini, na hapa ndipo Rwanda ilipojifunza somo gumu zaidi.

Ubudehe ulipopelekwa chuoni

Ubudehe ni desturi ya zamani ya kulima kwa pamoja. Serikali iliifufua mwanzoni mwa miaka ya 2000 kama mpango wa kupambana na umaskini, na mwaka 2008 mpango huo ukapata tuzo ya Umoja wa Mataifa ya utumishi wa umma. Wakazi wa kila kitongoji walikuwa wakikutana na kukubaliana nani yuko kundi gani. Makundi yalikuwa sita, kuanzia *umutindi nyakujya*, asiye na kitu kabisa, hadi *umukire*, tajiri. Kwa kugawa ng'ombe au kupanga nani alipiwe bima ya afya, kipimo hicho kilifaa kiasi, kwa kuwa majirani wanajua nani hulala njaa.

Mwishoni mwa 2010 serikali iliamua kuziondoa fedha za kujikimu kwa wanafunzi walio wengi. Ikabidi pawe na namna ya kuwatambua wale ambao wasingeweza kusoma bila fedha hizo, na kitabu cha Ubudehe kilikuwa tayari mezani. Mwaka 2013 makundi hayo yakafanywa msingi wa msaada wote wa chuo: wa makundi mawili ya chini walibebwa kikamilifu, wa katikati wakapewa sehemu, wa juu wakaambiwa wajitegemee.

Malalamiko yalifuata upesi, na yalikuwa na sababu. Orodha iliyotengenezwa kijijini kumtafuta asiye na mlo ilikuwa sasa inatumika kuamua nani anaweza kulipa ada ya chuo, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Chukua familia ya mfanyabiashara mdogo wa Biryogo, mwenye duka la vitenge na watoto watano. Kwa macho ya majirani si maskini: ana nyumba, watoto wanavaa viatu, Idi anachinja. Lakini ukimwambia alipe ada ya mtoto mmoja wa chuo, pamoja na chumba na chakula, itabidi auze mtaji. Familia za namna hii ndizo zilizoachwa njia panda, zikionekana zina uwezo wa kulipa ilhali haziwezi. Wazazi walipanga foleni kwenye ofisi za *umurenge*, yaani za sekta, wakiomba washushwe kundi. Kipimo kilichotegemea ukweli wa jirani kwa jirani kikaanza kuzaa motisha ya kujifanya maskini.

Mwaka 2015 makundi yalipunguzwa kutoka sita hadi manne. Mwaka 2020 serikali ilitangaza kwamba makundi yatakayofuata hayatatumika tena kugawa huduma kama mikopo ya wanafunzi, bali kwa takwimu na mipango tu. Baadaye ukaja mfumo mpya wa taarifa za kaya uitwao Imibereho. Kwa upande wa mikopo, uzito ukarudi kwenye alama na fani.

Wengi wamesoma historia hiyo kama ushahidi kwamba umaskini haupimiki. Nadhani wamekosea. Kosa lilikuwa mahali kipimo kilipowekwa. Kiliwekwa mlangoni, ambako jibu ni ndiyo au hapana, na kosa dogo la kumpandisha mtu kundi moja humgharimu miaka minne ya masomo. Kipimo chenye makosa kinaweza kutumika pale ambapo kosa lake linarekebishika.

Mifereji miwili

Ili kuona mahali hapo ni wapi, tufuate fedha zenyewe.

Mwanafunzi akishapangiwa chuo, huomba mkopo. HEC hutoa orodha ya waliokubaliwa. Aliyekubaliwa hutia saini mkataba na BRD, na siku hizi sehemu kubwa ya kazi hiyo hupitia mfumo wa kidijitali wa benki uitwao Minuza. Anahitaji kitambulisho cha taifa, akaunti ya benki yenye jina linalofanana na la kitambulisho, na chuo kithibitishe kwamba kweli amesajiliwa na anasoma. Hapo fedha hugawanyika. Ada huenda moja kwa moja kwenye akaunti ya chuo, na mwanafunzi haioni wala haishiki. Fedha za kujikimu huingia kwenye akaunti yake mwezi kwa mwezi. Kwa miaka kadhaa wanafunzi walipewa pia kompyuta za Positivo, zilizounganishwa hapahapa Kigali, na bei yake ikaongezwa kwenye deni.

Mfereji wa kwanza ni imara. Ada ikichelewa mwezi au miwili, wanaoshughulika ni wahasibu wa chuo na wahasibu wa benki, nao wanajua kusubiriana. Mwanafunzi anaendelea kuingia darasani. Mfereji wa pili ndio dhaifu, na tofauti za hali ya nyumbani huonekana huko. Buruse ikichelewa wiki tatu, mwenye mzazi Remera anakula kwao, na aliyetoka Rusizi au Nyamasheke anakopa. Anakopa kwa mwenye mgahawa, anakopa kwa mwenzake wa chumbani, anamwomba mwenye nyumba amvumilie. Fedha zikiingia hazimkuti na mwezi mpya, zinakuta madeni ya mwezi uliopita. Kwenye mkataba wanafunzi hawa wawili wana mkopo uleule, ila mmoja anaulipia riba ya pili mtaani ambayo haikuandikwa popote.

Kuchelewa huko kuna vyanzo vinavyoeleweka. Orodha ya HEC ikichelewa, mikataba inachelewa. Jina likiwa na herufi moja tofauti kati ya kitambulisho na akaunti, malipo yanarudi. Chuo kikichelewa kutuma orodha ya waliosajiliwa, benki haiwezi kulipa, kwa sababu inalinda fedha za umma zisimwendee aliyeacha masomo. Kila ofisi ina sababu nzuri ya kungoja nyingine. Hasara yote ya kungojeana humwangukia yule ambaye hana ofisi.

Mwanzo wa mwaka ndio mbaya zaidi. Ili alipwe, lazima awe amesajiliwa. Ili asajiliwe, lazima awe amefika, amepata chumba, na mara nyingi awe amemlipa mwenye nyumba kabla ya kuingia. Ada imekopeshwa na kujikimu kumekopeshwa, lakini fedha za kuufikia mkopo wenyewe hazijakopeshwa na yeyote. Nyumbani huuzwa mbuzi, au shamba hukodishwa kwa msimu.

Halafu kuna kiwango chenyewe. Kutoka 25,000 hadi 40,000 ni ongezeko la asilimia 60 kwenye karatasi. Sokoni hesabu ni nyingine: Novemba 2022, mfumuko wa bei mijini ulifika asilimia 21.7 kwa mwaka, na chakula ndicho kilichopanda zaidi. Sahani moja ya melanji, yenye wali, ndizi, viazi na maharage, inameza sehemu kubwa ya zile faranga 1,333, kabla hujagusa kodi wala nauli. Ndiyo maana vyumba vya Gikondo hulala vijana watatu au wanne, na kupika kwa zamu si mtindo wa maisha ila ni hesabu.

Nani anarudisha

Mkopo huanza kulipwa mhitimu anapopata kazi. Mwajiri hukata asilimia 8 ya mshahara na kuipeleka BRD. Kwa walimu, wauguzi na watumishi wa serikali utaratibu huu hauna shida, maana mshahara wao unaonekana. Ugumu uko kwa waliojiajiri, wanaofanya vibarua vya miezi mitatu mitatu, na waliokwenda nje. Matokeo yake ni kwamba mwalimu wa sekondari mwenye mshahara mdogo hulipa kila mwezi bila kukosa, na mwenye biashara inayomwingizia mara tano yake anaweza kupita miaka bila kukatwa. Kila faranga isiyorudi ni faranga isiyomfikia mwanafunzi wa mwaka ujao. Hata hivyo, kuongeza makato ya wanaokamatika kwa urahisi hakuwagusi wasiokamatika.

Njia nyingine imejaribiwa hapahapa Kigali. Tangu 2018 taasisi ya Chancen International imekuwa ikiwalipia wanafunzi wa vyuo kama Kepler kwa makubaliano ya kuchangia kipato: mhitimu hulipa asilimia fulani ya mapato yake kwa muda uliowekwa, na asiyefikisha kipato cha chini halipi. Wazo hilo lina asili Ujerumani, ambako wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witten/Herdecke walilianzisha mwaka 1995. Nguvu yake ni kwamba anayefadhili naye anabeba hatari: mhitimu asipopata kazi, mfadhili hapati kitu. Udhaifu wake ni kwamba humvuta mfadhili kuelekea kozi zenye ajira ya haraka. Mwalimu wa historia hawezi kuwa chaguo lake la kwanza.

Wapo pia wasioguswa na mkopo wa serikali. Walio wengi katika vyuo binafsi hujilipia. Wakimbizi, wakiwemo Wakongomani waliokulia kambi ya Kiziba huko Karongi, hutegemea ufadhili wa DAFI unaosimamiwa na UNHCR, programu za Mastercard Foundation, au Kepler, ambayo ilifungua tawi ndani ya kambi hiyo mwaka 2015. Kwao alama nzuri hazifungui chochote pasipo mfadhili.

Majirani wamejibu vipi

Kenya, yenye bodi ya mikopo ya HELB tangu 1995, ilikwenda mbali zaidi na kipimo cha umaskini. Mwaka 2023 ilianzisha mfumo uliowapanga wanafunzi kwa makundi ya kipato. Wa kundi la chini kabisa alipewa ufadhili wa asilimia 70, mkopo wa 25, na familia ikabaki na 5, wakati familia ya kundi la juu ilitakiwa kutoa 40. Kwenye karatasi ulikuwa mpango wa haki. Lakini wazazi walianza kukata rufaa kwa maelfu kwamba watoto wao wamewekwa kundi lisilo lao, na Desemba 2024 Mahakama Kuu ikautangaza mfumo huo kuwa kinyume cha katiba, kesi ikaendelea hadi Mahakama ya Rufaa. Ni Ubudehe ya 2013 kwa vazi jingine: kipimo kimebebeshwa uamuzi wa ada nzima, na kosa moja likawa msiba wa familia.

Bodi ya mikopo ya Tanzania, HESLB, ilianza kazi mwaka 2005. Makato ya marejesho yalipandishwa mwaka 2016 kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi, na mwaka 2021 Rais Samia akaondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani iliyokuwa ikivimbisha madeni. Kinachofaa kuigwa huko ni jinsi mkopo ulivyogawanywa katika vipengele: chakula na malazi, vitabu, mafunzo kwa vitendo, utafiti, mahitaji maalumu ya kitivo na ada. Kila kipengele kinajadiliwa peke yake. Kwa hiyo wanafunzi walipodai kwamba fedha za chakula na malazi, zile wanazoziita boom, hazitoshi, zilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku bila kuvuruga mengine. Uganda, kwa upande wake, iliyoanza mikopo kwa sheria ya 2014, hulipa ada na michango ya chuo na kumwachia mwanafunzi chakula na malazi. Huko mfereji wa pili haupo kabisa, na maskini asiye na ndugu mjini mkopo haumfai kitu.

Kipimo kihamie wapi

Ukiweka nchi hizi pamoja, jambo moja linajitokeza. Kipimo cha umaskini kinapoamua nani aingie na nani alipiwe ada, kinaleta kesi, rufaa na udanganyifu. Kinapoamua kiasi cha kujikimu, makosa yake yanavumilika. Mwanafunzi aliyewekwa kundi lisilo lake atapoteza faranga elfu kadhaa kwa mwezi hadi rufaa yake isikilizwe, lakini hatapoteza nafasi yake chuoni. Na mwenye duka wa Biryogo hana sababu kubwa ya kudanganya ili mwanawe aongezewe fedha za maharage.

Kwa hiyo ada ibaki mkopo kwa kila aliyefaulu, bila kuulizwa baba yake ana ng'ombe wangapi, kwa kuwa atakayeilipa ni mhitimu mwenyewe kwa mshahara wake. Fedha za kujikimu ndizo zitofautishwe, kwa hali ya nyumbani na kwa mahali pa kusomea, maana Kigali na Rukara si soko moja. Malipo ya kwanza yatolewe kwa barua ya kukubaliwa, kabla ya usajili. Kama kuna hofu ya waongo, mwezi mmoja wa kumpa mtu asiyefika chuoni ni hasara ndogo kuliko wanafunzi wanaokosa kufika kwa kukosa nauli na chumba. Tarehe ya kuingia kwa fedha itangazwe mwanzoni mwa mwaka wa masomo, na ofisi iliyosababisha kuchelewa itajwe, ili aliyechelewesha awe na jina na anayesubiri ajue amdai nani.

Hayo yanagharimu fedha, na bajeti ya Rwanda ina mikono mingi inayoivuta. Lakini serikali inapomlipia mtu ada ya miaka minne kisha ikamwacha aache masomo mwaka wa pili kwa kukosa chakula, haijaokoa chochote. Imelipia nusu ya mhandisi, na nusu ya mhandisi haijengi daraja wala hairudishi mkopo.